Geti la paneli la kutenganisha mbwa: nyota nne, ya tano imenyang'anywa na komeo

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nikipewa kitu cha chuma, kabla sijasoma karatasi ya maelekezo nakigonga kwa kidole, nakigeuza chini juu, natafuta mahali ambapo mwenzangu wa kiwandani alikuwa na haraka. Geti hili nimelikagua kama fundi kwanza, halafu nikalikagua kama mtu mwenye mbwa wawili wazima ndani na wa tatu, mtoto, aliyefika akiwa na wiki 9. Ukaguzi wa kwanza uliisha mchana mmoja. Huu wa pili umechukua muda mpaka nikawa na la kusema.

Ni paneli za chuma zenye kimo cha sentimita 80, zinazoshikana kwa bawaba za pini. Ukizinyoosha zinaziba mlango mpana au upenyo kati ya sebule na jiko. Ukizizungusha unapata boma dogo linalosimama lenyewe. Paneli moja ina kilango chenye komeo. Jina la kampuni siliandiki, maana muundo huu huu unauzwa kwa majina kadhaa na kinachobadilika ni rangi na boksi. Kila anayenijua ameniuliza kwa nini sikuunda la kwangu. Geti la kuunda lingekuwa zito, lingetaka kutoboa ukuta, na likishafungwa mahali halitoki. Hili asubuhi liko mlango wa jikoni, jioni limehamia sebuleni, na huko kuhama ndiko nilikokuwa nakitafuta.

Wenyeji wa nyumba ni Bi Mkubwa, jike wa miaka 11 mwenye baridi yabisi ya nyonga, na Jabali, dume wa miaka 4, kilo 35, rafiki wa kila kiumbe. Mgeni ni Pilipili, jike, kilo 4 siku alipoingia. Watu wakisikia hivyo huuliza kama Bi Mkubwa hatamng'ata mtoto. Mimi nilikuwa namwogopa Jabali. Mbwa wa kilo 35 akimrukia wa kilo 4 kwa mapenzi, mfupa hauulizi kama yalikuwa mapenzi.

Kabla ya sifa, lawama kwa picha iliyo kwenye boksi. Inaonyesha mbwa mkubwa na mtoto wakigusana pua kupitia fito, ndimi nje, kila mtu anafurahi. Msiige picha hiyo kwa salamu ya kwanza. Mbwa mwenye adabu hamwendei mgeni uso kwa uso. Huja kwa ubavu, akipinda, ananusa sehemu za nyuma, anatoka. Fito humnyima nafasi ya kupinda. Zinamlazimisha kusimama wima mbele ya mgeni, macho kwa macho, na kwa lugha yao hiyo ni fujo. Mbwa wengi ambao uani ni wapole hubweka kama wendawazimu wakiwa nyuma ya uzio, na sababu mojawapo ni hiyo.

Kwa hiyo salamu tulizifanya nje, pasipo geti. Rafiki yetu ana ua uliozungushiwa ukuta, mbwa wageni hawapiti humo, na hilo la wageni kutopita lina uzito wake. Chanjo za mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afike walau wiki 16, na kirusi cha pavo, kile kinachowaharisha na kuwaua watoto wa mbwa, kinaweza kuishi udongoni miezi mingi. Utasikia kila mahali kwamba mbwa wakutanishwe kwenye uwanja usio wa mmoja wao. Ni kweli, lakini kwa mtoto asiyemaliza chanjo uwanja huo usiwe bustani ambapo mbwa wa mji mzima hujisaidia. Na mtu asiseme basi tusubiri chanjo ziishe ndipo aone mbwa wenzake. Muda ambao mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya bila woga mwingi ni tangu wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14. Ukisubiri, unaanza somo darasa likiwa limeshafungwa.

Jabali alitangulia, peke yake. Mke wangu alikuwa na mtoto upande mmoja wa ua, mimi na Jabali upande wa pili, kamba zimelegea, tukatembea kuelekea upande mmoja tukipunguza umbali polepole. Ukikaza kamba, mbwa naye anakaza mwili, kisha unadhani ni mkali kumbe umemkaza wewe. Tulipomrudisha Jabali garini ndipo Bi Mkubwa akashushwa. Alinusa sekunde chache, akageuka, akaenda kukojoa kwenye kona. Kwangu hiyo ilikuwa salamu nzuri kuliko zote.

Kazi ya geti ilianza tulipoingia nyumbani, na hapa ndipo lilipojipatia nyota zake nyingi.

Kinachoharibu ujio wa mtoto wa mbwa mara nyingi hakitokei saa ya kwanza wakati watu wote wamesimama na macho yamewatoka. Hutokea baadaye, wakati mbwa mzee amelala, nyonga zinamuuma, na mtoto anamng'ang'ania masikio kwa mara ya ishirini. Mzee anageuza kichwa. Mtoto haelewi. Mzee anajilamba pua, anapiga mwayo usio wa usingizi. Mtoto haelewi. Mzee ananyanyuka kwa maumivu, anahamia pembeni, mtoto anamfuata mkia juu. Hapo mzee akinguruma watu wanasema amekuwa mkali uzeeni. Alishaomba kwa adabu mara nyingi, na hakuna aliyesikia.

Geti zuri linampa mzee mahali pa kwenda ambako mtoto hafiki. Basi, hilo ndilo jambo lenyewe. Sikulinunua kumlinda mtoto tu. Nililinunua ili Bi Mkubwa awe na haki ya kuondoka. Upande wake wa jikoni kuna godoro lake, maji yake, na utulivu. Akitaka kumwona mtoto, anakuja karibu na fito. Akichoka, anaondoka bila kumwomba mtu ruhusa. Siku za mwanzo alikuwa anakaa mbali, mgongo kwetu. Baadaye akawa analala karibu na geti, ubavu wake umegusa chuma. Hakuna aliyemwita wala kumvuta. Mbwa mwenye uhuru wa kuondoka huwa hana haja ya kufukuza.

Mwanzoni nilifunika paneli kwa shuka, nusu ya chini. Hii iokoteni, maana karatasi ya maelekezo haina. Wanasikiana, wananusiana, lakini hawakodoleani macho. Sambamba na hilo tulibadilishana matandiko: kitambaa alicholalia mtoto kikaenda kwa wakubwa, chao kikaja kwake. Baadaye shuka nikaipandisha kidogo kidogo mpaka ikatoka kabisa.

Upande wa Jabali, geti lilinipa nafasi ya kumsoma. Mwili wake ukiwa laini na unayumba, mdomo wazi, viwiko chini na matako juu, huyo anaomba mchezo. Mwili ukiwa mgumu, mdomo umefungwa ghafla, jicho halipepesi au weupe wake unaonekana pembeni, hapo namwita, namgeuza, napumzisha mambo. Mkia usiwadanganye. Mkia uliosimama juu ukitikisika kwa mipigo mifupi ya haraka unatangaza msisimko, na msisimko unaweza kuangukia popote. Manyoya ya mgongoni nayo ni hivyo hivyo. Ya Jabali husimama hata akiona mfuko wa plastiki unapeperuka. Kila alipotulia mbele ya geti na kuniangalia mimi badala ya mtoto, alipata kipande cha nyama. Baada ya muda kumwona mtoto kukawa kunamfanya anitafute mimi. Bila kizuizi cha kunipa zile sekunde chache, angekuwa ameshamrukia kabla sijatia mkono mfukoni.

Sasa chuma chenyewe. Fito ni bomba jembamba, wazi ndani, na kwa kazi hii zinatosha. Viungo vimechomelewa vizuri isipokuwa paneli moja ambayo fito mbili zilishikizwa kwa doa tu, nilizimalizia karakanani. Asiye na mashine ya kuchomelea aikatae paneli ya namna hiyo na kudai nyingine, maana doa huachia siku mbwa anapoegemea. Ncha za juu zilikuwa na vichembe vya chuma, nikapitisha tupa. Rangi ni ile ya unga inayookwa, imekaa vizuri. Pilipili ameitafuna tangu alipofika na kipindi cha kubadilisha meno, kile cha kati ya miezi 3 na 6, kimepita rangi ikiwa na mikwaruzo tu.

Upana kati ya fito niliupima: sentimita 5. Kwa mtoto wa ukubwa wa Pilipili ni salama. Kwa watoto wa jamii ndogo siyo: atapenya, au vibaya zaidi atapenya nusu, kichwa kikiwa huku na mwili kule. Pimeni kichwa cha mtoto kabla ya kununua. Na akiwa ndani ya boma peke yake avuliwe ukanda wa shingoni, kwa sababu pini za bawaba zimechomoza na ukanda unaweza kunasa.

Zile bawaba zina kelele. Mbwa akigusa paneli moja, zote zinalia kama kengele za mbuzi. Kwa Jabali ni burudani. Bi Mkubwa alikuwa anashtuka kila mara, na mbwa anayeshtuka kila mtoto anapokaribia ataunganisha mambo hayo mawili kichwani: mtoto, kishindo, mtoto, kishindo. Hilo ni kosa la kifundi lenye madhara ya kitabia, nashangaa mtengenezaji hakuliona. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli nikavizungusha kwenye pini za juu, mahali ambapo meno hayafiki, na nyumba ikatulia.

Komeo ndilo lililoninyima raha. Unaliinua kwa kidole kimoja, kilango kinafunguka. Linamfaa binadamu aliyebeba sufuria, na linamfaa vilevile mbwa mwenye pua. Jabali alilitazama, akalitazama tena, akaliinua kwa pua na kuingia bomani akiwa mpole sana, mke wangu akiwa palepale bahati nzuri. Tangu siku hiyo kuna kulabu yenye springi juu ya komeo. Komeo la geti la mbwa linatakiwa kudai miondoko miwili, kubana na kuinua kwa pamoja, ambayo pua haiwezi. Fundi yeyote angejua hilo. Nyota ya tano imeishia hapo.

Kilango nacho kina kizingiti cha chuma kinachopita chini, chenye kimo cha kidole kilicholala. Mtu anakizoea. Bi Mkubwa, anayeburuza mguu wa nyuma, alikuwa anajikwaa, nami nikalaza kipande cha mkeka wa mpira kila upande kuwa mteremko. Wenye mbwa mzee au mtu mzima anayetembea kwa shida ndani ya nyumba watafute aina isiyo na kizingiti.

Likiwa limebanwa ukuta hadi ukuta kwa pedi zake za skrubu, geti limesimama imara. Likiwa boma huru kwenye vigae, Jabali akiweka miguu ya mbele juu yake linateleza lote. Nililipeleka boma kwenye kona, kuta mbili zikalishika. Geti la kubana kwa pedi lisiwekwe kamwe juu ya ngazi. Pale panataka geti lililofungwa ukutani kwa skrubu.

Matumizi ya boma ambayo sikuyaona yakisifiwa vya kutosha ni usingizi. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na asipolazwa hajilazi mwenyewe nyumba ikiwa na shughuli. Anakuwa mkorofi, anang'ata vifundo vya miguu, anawapanda wenzake, na lawama zinaangukia tabia yake wakati kinachomsumbua ni uchovu. Tulikuwa tunamlaza bomani baada ya kila mchezo mfupi. Ugomvi mwingi uliokuwa unataka kuzaliwa jioni ulikufa hivyo.

Chakula kila mmoja upande wake, geti limefungwa, bakuli zimetolewa kabla halijafunguliwa. Mifupa na vitu vya kutafuna vivyo hivyo. Wengi hukumbuka bakuli wakasahau vingine vinavyogombewa: kochi, mlango mwembamba, mapaja ya mtu. Bi Mkubwa hana shida na chakula, ila mguu wa mke wangu ni mali yake.

Kufungua geti kulikuja taratibu, mbwa mmoja mzima kwa wakati, Jabali akiwa ameshachoshwa kwa matembezi, mimi nikiwa nimekaa chini kati yao. Mchezo ukipamba moto namshika anayeonekana kuwa juu. Yule wa chini akirudi mwenyewe kuchokoza, nawaachia waendelee. Akijisogeza pembeni, mchezo umekwisha hata kama mkubwa bado anautaka. Kipimo hicho kimenisaidia kuliko maelezo yote niliyopewa na majirani.

Bi Mkubwa amemnguruma mtoto, ndiyo, na hatukumkemea. Ngurumo ni onyo, na mbwa anayekatazwa kuonya hujifunza kung'ata kimyakimya. Tunachoangalia ni umbo la karipio: sauti fupi, labda meno hewani, mtoto anarudi nyuma, mzee anaacha, kila mtu anaendelea na yake. Ikiwa mzee anamfuata mtoto aliyekwisha kukubali, anamkandamiza chini na hamwachii, au kuna damu, geti lifungwe na atafutwe daktari wa mifugo pamoja na mkufunzi anayefanya kazi bila vipigo. Daktari kwanza, maana maumivu hujificha nyuma ya ukali. Bi Mkubwa mwenyewe alibadilishiwa dawa ya nyonga, na uvumilivu wake ukarefuka waziwazi.

Tulijaribu pia kile kifaa cha kuchomeka ukutani chenye kuiga harufu ambayo jike anayenyonyesha huwatuliza nayo wanawe. Sikuona tofauti ninayoweza kuiapia. Hakijadhuru mtu.

Wenye kulilinganisha na geti la kitambaa linalovutwa kutoka ukutani: lile ni zuri kwa macho na kwa mtoto wa binadamu, lakini mtoto wa mbwa hulitoboa au hupita chini yake. Kizimba kilichofungwa pande zote kina kazi yake usiku, ila mchana kinampa mtoto nafasi ndogo mno, na mbwa mkubwa akikizunguka mtoto hana pa kurudi nyuma. Paneli zinashinda kwa hilo: ndani kuna nafasi ya kutosha mtoto kujitenga na fito kama hataki kunuswa.

Mpaka leo tukitoka nyumbani Pilipili anabaki upande wake, wakubwa upande wao, ingawa wakiwa nasi wanalala mkeka mmoja. Kuwaacha pamoja bila mtu kutasubiri mpaka akue na aache kutafuta masikio ya bibi yake.

Mkinunua, chukueni paneli mbili zaidi ya mnazodhani zinatosha, kwa sababu kipimo cha kwenye boksi hakihesabu kona. Mwenye mbwa anayeruka uzio asihangaike na sentimita 80. Kulabu ya komeo inunuliwe siku hiyo hiyo. Na pini za bawaba zihesabiwe kabla boksi halijatupwa. Langu lilikuja na pungufu ya moja, nikachonga nyingine kutoka kwenye msumari wa nchi 6.